Povu jingi siyo usafi: tuongee kusafisha majengo ya biashara bila kuharibu mto, septiki na mapafu ya wafanya usafi

#1 mleta uzi, Iringa mjini

Kamwene wana nyanda za juu, na wengine wote habari zenu.

Nimekuwa nasoma nyuzi nyingi za watu wanaotaka kufungua kampuni ya usafi, wanauliza mtaji, wanauliza tenda zinapatikanaje, wanauliza mashine gani wanunue, ila sijawahi kuona hata mmoja anauliza yale maji machafu ya kudekia yanaenda wapi na yule dada anayeshika dekio anavuta hewa gani kutwa nzima. Mimi kazi hii ni mwaka wa kumi na moja, nilianza kama mfanya usafi wa kawaida kwenye jengo moja la ghorofa nne hapa mjini, chini maduka juu ofisi, saa kumi na moja alfajiri ushafika na ndoo. Sa hivi nina watu tisa na tunasafisha majengo matatu. Naandika kwa urefu, wenye haraka mnisamehe.

Wasioijua Iringa, mji uko juu ya kilima, ukishuka chini Ipogolo barabara kuu inavuka Ruaha Mdogo. Mto huo huo ndo mji unachota maji ya kunywa, af unaendelea mpaka unaingia Ruaha Mkuu unaenda kumwaga Mtera, kwenye lile bwawa lililokamilika 1980, ambako watu wanavua samaki na umeme wa nchi unazalishwa. Sasa jengo nililoanzia kazi lilikuwa na mfereji nyuma, na kila ndoo tuliyomaliza kudekia tunaimwaga pale. Kiangazi unaona kabisa utando mweupe umekaukia kwenye zege. Mvua ya kwanza ya Novemba ikipiga mfereji wote unakuwa povu linashuka na mteremko kama mtu kafungulia bia. Siku moja nimesimama pale na ndoo mkononi nikaliangalia lile povu linapinda kona kuelekea chini, nikajiuliza hivi sabuni yote hii kweli ilikuwa inahitajika pale sakafuni? Kama ingekuwa imefanya kazi si ingeisha nguvu huko ndani?

Hapo ndo nilipoanzia kujifunza, na miaka yote hii jibu nililopata ni moja. Watu wakisikia usafi unaojali mazingira wanawaza dawa za bei mbaya zenye picha ya jani kwenye lebo. Kumbe sehemu kubwa ni KIPIMO. Sisi Watanzania tunamwaga sabuni kwa macho. Tunaamini povu.

Povu halina kazi kubwa kwenye kudeki jamani. Kinachong'oa uchafu ni zile chembe za sabuni zenye kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta, zinaukamata uchafu zinaelea nao majini, basi. Zikizidi zinabaki sakafuni. Mnajua ile sakafu ambayo ukitembea asubuhi baada ya deki kiatu kinanata kidogo, kinatoa sauti ya chwii chwii? Watu wanasema hiyo sakafu imesafishwa sana. Hiyo ni sabuni iliyokauka, na vumbi likija linagandia hapo hapo, kwa hiyo kesho unaongeza sabuni kuitoa sabuni ya jana.

Nilichofanya kwenye jengo la kwanza nilipopewa usupavaiza: nilichukua chupa tupu ya maji nikaipimia kwa sirinji ya duka la dawa, nikachora mstari kwa kalamu ya rangi kwenye mililita 30, nikasema ndoo ya lita 10 ni hapa tu, vijiko viwili vikubwa vya chakula. Wenzangu waligoma wiki nzima, wakasema nawabania sabuni ili nionekane kwa bosi. Wiki ya pili yule mama wa ghorofa ya tatu ndo akasema mwenyewe mbona sakafu hainati tena na deki inakauka haraka. Tulikuwa tunamaliza madumu manne ya lita tano kwa wiki, tukashuka hadi dumu moja na nusu, jengo lile lile.

Cha pili, NDOO MBILI. Moja ya maji yenye sabuni, moja ya kusuuzia dekio. Ukiwa na ndoo moja, korido ya kwanza umesafisha, ya pili unahamisha matope. Ukiwa na mbili maji ya sabuni yanakaa masafi muda mrefu, humwagi kila baada ya vyumba viwili, maji yanapungua, sabuni inapungua.

Cha tatu ambacho wengi wanakiruka ni MLANGO. Nyie wa Iringa mnalijua vumbi jekundu la Septemba na Oktoba, upepo ukivuma kilimani hata ukifunga dirisha linapita. Ila lile linaloingia na upepo ni dogo ukilinganisha na linaloingia na viatu. Tuliongea na mwenye jengo akaweka chuma cha kukwangulia nje ya mlango, halafu zulia gumu la nyuzi hatua tano sita kwenda ndani, siyo kile kipande cha mlangoni ambacho mtu anakiruka kwa hatua moja. Mtu akikanyaga kushoto kulia kushoto kulia mara mbili tatu vumbi limebaki hapo. Zulia linakung'utwa nje kila asubuhi, bila maji, bila sabuni. Ngazi zilizokuwa zinadekiwa mara tatu kwa siku sasa mara moja, masika mara mbili. Mwenye jengo mwanzo aliona gharama, nikamwambia bosi hii ni dawa isiyomwagwa mferejini.

Nitaendelea na choo na jiki hapo chini maana hayo ndo yalinifanya niandike uzi huu.


#2 mleta uzi

Naendelea.

Kuna jengo nilifanya kazi, sitalitaja na haina haja. Dada mmoja wa timu yetu alipewa choo cha wanaume ghorofa ya pili, kile kilikuwa na madoa ya njano ya siku nyingi. Akamwaga ile asidi ya chooni, akaona doa haliondoki, akaongeza jiki juu yake ili "ikaze". Mlango umefungwa, dirisha dogo la juu halifunguki. Mimi nilikuwa korido nikasikia anakohoa kile kikohozi cha kuvuta, nikafungua mlango ile harufu ikanipiga usoni macho yakajaa machozi papo hapo. Tulimtoa tukamkalisha nje kwenye hewa, midomo imemkauka, akapelekwa hospitali, alipona lakini mpaka anaacha kazi alikuwa akipanda ngazi anapumua kwa shida.

Ile ni gesi ya klorini. Jiki ni maji yenye sodiamu haipokloraiti, ikikutana na asidi yoyote, ya chooni, ya betri, siki, hata ndimu, inatoa klorini. Ndo ile ile iliyotumika kama silaha vita ya kwanza ya dunia kule Ypres Ubelgiji, Aprili 1915. Na jiki ikikutana na amonia inatoa gesi nyingine inaitwa kloramini, na mkojo uliokaa una amonia. Kwa hiyo ile mikojo ya jana ukiimwagia jiki moja kwa moja bila kusuuza, ule mwasho wa macho unaousikia siyo ukali wa dawa wala siyo dalili kwamba vijidudu vinakufa, ni gesi.

Kwetu sasa sheria ni moja: asidi na jiki havikai stoo moja, havishikwi na mtu mmoja siku moja. Na HAKUNA kuhamishia jiki kwenye chupa ya maji ya kunywa, nalisema hili kwa uchungu maana naliona kila jengo ninaloingia. Mtoto wa mpangaji akija na mama yake dukani anaona chupa ya maji.

Mapafu pia. Chuo Kikuu cha Bergen kule Norwei walitoa utafiti 2018, waliwafuatilia watu zaidi ya elfu sita kwa miaka kama ishirini, wakaona wanawake waliofanya usafi mapafu yao yalishuka uwezo kwa kiwango wanachokifananisha na mtu aliyevuta pakiti moja ya sigara kwa siku miaka kumi hadi ishirini. Dada zetu hawa wengine hawajawahi kushika sigara maishani. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga, ila glovu na barakoa ya kitambaa haizuii gesi wakuu, kinachozuia ni kutozalisha gesi, na kufungua dirisha KABLA ya kumwaga dawa. Halafu acheni kupulizia dawa hewani. Pulizia kwenye kitambaa ndo ufute, yale matone madogo yakielea ndo unayoyavuta.

Sasa mtu atasema kwa hiyo jiki tuache? Hapana. Ina kazi yake, ila ni ndogo kuliko tunavyodhani. Ofisi ya kawaida, meza, sakafu, ngazi, kioo, hazihitaji jiki kabisa, sabuni na kitambaa vinatosha. Jiki iende kwenye choo, vitasa vya chooni, na damu au matapishi. Na kwanza unaosha kwa sabuni, unasuuza, ndo unapaka jiki iliyopimwa, unaiacha dakika kumi pakiwa pamelowa, maana uchafu wenyewe unakula nguvu ya klorini. Ukimwaga juu ya uchafu umemwaga hela.

Hesabu yake ni rahisi: asilimia iliyoandikwa kwenye lebo gawanya kwa asilimia unayotaka, toa moja, hayo ndo maji. Jiki ya 3.5 ukitaka 0.1 ya kufutia vitu vya kawaida, 3.5 gawa kwa 0.1 ni 35, toa moja, sehemu moja ya jiki kwa 34 za maji. Kwenye ndoo ya lita 10 ni kama mililita 290 tu, haifiki chupa ndogo ya soda. Damu iliyomwagika unatumia 0.5, yaani moja kwa sita. Maji ya baridi, siyo ya moto, na ya leo ni ya leo, kesho imeshapungua nguvu hasa ikikaa juani.


#3 mdau wa Mlandege

Mkuu uzi mzuri sana ila nikuulize kitu kimoja kama mtu niliye kwenye hii hii biashara. Mteja akiingia asubuhi asiposikia harufu anasema hamjasafisha. Mimi nilipunguza dawa kama unavyosema, wiki ya pili meneja kanipigia simu ananiuliza watu wako wamekuja leo? Na sakafu ilikuwa inang'aa. Tunafanyaje hapo, maana mwisho wa siku yeye ndo analipa.


#4 mleta uzi

Mkuu wa Mlandege hilo ni kweli tupu, na ndo ugumu mkubwa kuliko kemikali zenyewe. Watu wamezoea kwamba usafi una harufu ya jiki na pafyumu. Mimi nilichofanya, nilimwomba meneja dakika kumi, nikachukua kitambaa cheupe kikavu nikafuta meza yake mbele yake, nikafuta juu ya kabati, nikafuta swichi ya taa. Swichi ilitoka nyeusi, na hiyo ni siku ambayo kampuni iliyokuwepo kabla yetu ilikuwa imepuliza pafyumu jengo zima. Tangu hapo tunakaguana kwa kitambaa cheupe, kila Ijumaa, yeye anachagua sehemu, mimi nafuta. Mwanzo alikuwa anachagua mezani, sa hivi anachagua nyuma ya mashine ya kudurufu, ameshakuwa mkali kuliko mimi na nimefurahi.

Af kuna vile vidonge vyeupe vya naftalini kwenye vyoo vya wanaume. Naomba niviseme vizuri. Vile havisafishi kitu, vinafunika harufu tu, na naftalini shirika la kimataifa la utafiti wa saratani linaiweka kwenye kundi la vitu vinavyoweza kuleta saratani. Zaidi kwetu Afrika kuna watu wengi wana upungufu wa kimeng'enya kinaitwa G6PD, wamezaliwa nao, wengi hawajui, na kwa mtu wa hivyo hasa mtoto mchanga naftalini inaweza kupasua chembe nyekundu za damu. Mama anaingia dukani na mtoto mgongoni choo kiko pale pale. Harufu ya choo inatoka kwenye mkojo uliojificha, chini ya ukingo wa sinki la kukojolea na kwenye viungio vya vigae. Sugua hapo na brashi ndogo kila siku, harufu inaisha yenyewe bila kidonge.


#5 fundi bomba Ipogolo

Nachangia upande wangu maana mnaongea juu mimi niko chini kwenye mashimo.

Majengo mengi ya hapa hayajaunganishwa na bomba la majitaka, yana septiki. Septiki siyo shimo la kutunzia mavi tu, ni kitu kinachoishi, bakteria wako mle wanakula. Nikifungua mfuniko wa septiki ya jengo ambalo wanamwaga jiki ndoo kwa ndoo najua kabla sijaambiwa, juu kuna utando mgumu, harufu ni kali tofauti na ya kawaida, mavi yamekaa vile vile hayajamegeka. Gari la kunyonya linaitwa kila baada ya miezi michache na mwenye jengo analalamika fundi kajenga dogo. Jengo la jirani ukubwa ule ule wanatumia sabuni ya kawaida, mwaka unapita hawajaita gari.

Jiki kidogo ya kila siku haiui septiki, nimeona. Ni ile ya kumimina lita tano Jumamosi "tufanye usafi mkubwa". Na nyie mnaozibua sinki kwa soda kostiki kila wiki, inakula hadi viungio. Weka chujio la chai kwenye tundu la sinki uzuie mabaki ya wali.


#6 mleta uzi

Fundi asante sana, nimeichukua hii naenda nayo kwa mwenye jengo kama ilivyo, maana ukimwambia mazingira anakusikiliza kwa adabu ila ukimwambia gari la majitaka anatoa kalamu.

Niongezee kidogo kwa wale wanaotengeneza sabuni zao wenyewe, maana wengi hapa mmejifunza SIDO (lile shirika la viwanda vidogo) au kwenye semina, salfoniki na slesi ambazo ndo zinang'oa uchafu na kutoa povu, chumvi, rangi, pafyumu. Zamani miaka ya 1950 sabuni za viwandani zilikuwa na kemikali ambayo chembe zake zina matawi matawi bakteria wanashindwa kuzila, mito ya Ulaya ilikuwa inafunikwa na povu, Ujerumani wakatunga sheria 1961 na kufika katikati ya miaka ya sitini viwanda vikahamia kwenye aina ya mnyororo ulionyooka. Salfoniki tunayonunua leo kawaida ni ya huu ukoo mpya. Bakteria wanaila, ila wanataka hewa. Kwenye septiki hamna hewa, kwa hiyo inapita karibu kama ilivyo. Ndo maana narudi pale pale, kipimo.

Na ile formalini mnayofundishwa kuweka ili sabuni isioze, iacheni. Hiyo iko kwenye kundi la kwanza la vinavyosababisha saratani kwa binadamu, halina "huenda" wala "inaweza". Sisi tunatengeneza ya wiki moja, lita ishirini, inaisha kabla haijafika kuharibika. Rangi pia hatuweki, rangi inasafisha nini?


#7 dada wa Mafinga

Shikamooni wakubwa. Mimi nasafisha ofisi mbili na ukumbi hapa Mafinga, kwetu kitu ambacho hakikosekani ni maranda. Bibi yangu alikuwa anasafisha shule enzi hizo, alikuwa anachukua unga wa mbao wa paini mashineni anaulowesha kidogo, ukibana kwenye ngumi ushikane lakini usidondoshe maji, anaumwaga sakafuni kuanzia mwisho wa chumba ndo anafagia nao kuja mlangoni. Vumbi halipandi hata kidogo, linagandia kwenye maranda. Ukumbi wetu ni wa sementi, nikifagia hivyo nadeki mara moja tu kwa wiki badala ya kila siku. Ukimaliza unakwenda kumwaga kwenye shimo la mbolea. Inakubalika hii kitaalamu au ni ushamba?

Na pili kaka, mende. Wapangaji wanataka nipulize dawa kila mwezi. Hapa kwetu kiwanda cha pareto kipo, watu wananiambia pareto ni maua tu haina madhara, ni kweli?


#8 mleta uzi

Marhaba dada. Huo si ushamba, bibi yako alikuwa fundi. Majengo makubwa ya nje ya nchi wananunua kitu kile kile kwenye ndoo, unga wa mbao uliotiwa mafuta kidogo. Wewe unao bure. Angalia tu usiwe unga wa mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, zile nguzo na mbao za kijanikijani, na usitumie kwenye zulia wala terazo jeupe maana maranda mabichi yanaweza kuacha rangi. Mimi huku mjini nayapata kwa mafundi seremala na nitaanza Jumatatu kwenye stoo za chini, nashukuru sana.

Pareto sasa. Ni ua kweli na ni zao letu la nyanda za juu, dawa yake inashambulia neva za mdudu na inavunjika haraka ikipigwa na jua, kwa hiyo haikai kwenye mazingira miaka kama dawa za zamani. Lakini kusema haina madhara hapana. Inaua samaki na inaua nyuki. Ukipuliza ndani kisha ukadeki ukamwaga mferejini umewapelekea samaki. Kwa hiyo isiwe ya kila mwezi kwa ratiba, iwe pale ambapo mende wameonekana, kwenye nyufa tu. Kabla ya hapo toeni kinachowaleta: kikapu cha taka chenye mabaki ya chipsi kinacholala ofisini, bomba linalovuja chini ya sinki, makatoni stoo. Kwangu tuliondoa vikapu vya mabaki ya chakula kwenye kila ofisi tukaweka ndoo moja yenye mfuniko kila korido, inatolewa jioni hiyo hiyo. Mende walipungua kabla sijanunua dawa yoyote, na mifuko ya taka tuliyokuwa tunatupa ikiwa imejaa robo tu haipo tena.


#9 mama wa Njombe

Habari za kazi mwanangu. Mimi nina jengo, chini duka la dawa na benki ndogo ya kukopeshana, juu vyumba vya wageni kumi na viwili. Sakafu za chini ni terazo ya zamani. Vijana wangu wameona mtandaoni kwamba siki ukichanganya na baking soda inasafisha kila kitu na haiharibu mazingira, wamefanya wiki mbili sakafu imefifia imekuwa kama imepigwa msasa. Nimekosea wapi?


#10 mleta uzi

Shikamoo mama. Kwanza waambie vijana waache leo leo.

Terazo ni vipande vya mawe ya marumaru ndani ya sementi, na marumaru ni chokaa. Asidi yoyote inakula chokaa. Mimi niliona kwa macho yangu, kijana alidondosha asidi ya chooni kwenye terazo ya korido, ikachemka papo hapo kama soda iliyofunguliwa, tukawahi kusuuza lakini pale pamebaki duara lisilong'aa, ukubwa wa sahani, mpaka leo lipo. Siki ni dhaifu kuliko hiyo lakini wiki mbili kila siku inafika pale pale. Kung'aa hakurudi kwa kudeki mama, inabidi fundi wa kung'arisha aje na mashine, ila kuharibika kunasimama ukiacha. Terazo inataka maji na sabuni kidogo isiyo kali tu, na kukaushwa.

Na ule mchanganyiko wenyewe, siki ni asidi na baking soda ni kinyume chake, ukivichanganya vinamalizana. Yale mapovu ni hewa inatoka, yanapendeza kutazama, ila kinachobaki kwenye ndoo ni maji ya chumvichumvi. Kila kimoja peke yake kina kazi: baking soda na kitambaa kibichi kwa kusugua sinki lenye mafuta au friji, siki kwa kioo na kutoa ile gamba nyeupe kwenye bomba la chuma na bafu lenye vigae. Ya chooni badala ya asidi kali nunua sitriki asidi ya unga, ile ya kutengenezea juisi, mwaga vijiko kadhaa usiku uache mpaka asubuhi, gamba linalegea. Ila haikutani na jiki, hilo mama waambie mara tatu.

Kwa vyumba vya wageni nunua vitambaa vya maikrofaiba, rangi nne: nyekundu choo, njano sinki la kunawia, bluu chumbani, kijani jikoni. Nyuzi zake ni nyembamba kuliko unywele, vumbi linang'ang'ania bila dawa, ukilowesha kwa maji matupu kinatosha kwa kioo na meza. Kunja katikati halafu katikati tena upate pande nane, upande ukichafuka geuza. Na usafi wa korido na ngazi hamishieni mchana, taa haziwaki na wageni wanawaona vijana wako kazini, hakuna wa kuuliza kama pamesafishwa.


#11 mama wa Njombe

Mwanangu nimerudi, wiki tatu sasa. Chupa ya mstari ipo, siki haitumiki tena kabisa sakafu za chini. Terazo haijang'aa lakini haijaendelea kufifia. Dumu la sabuni la mwezi uliopita bado halijafika nusu, nilidhani hawadeki nikaenda kushika sakafu mwenyewe kwa mkono. Tatizo ni vile vitambaa. Wiki ya kwanza vilikamata vumbi vizuri, sasa vinalisukuma tu, vinateleza. Nimeuziwa feki?


#12 mleta uzi

Mama siyo feki, uliza vizuri aliyefua. Kama kafua na ile dawa ya kulainisha nguo yenye harufu, au kavichanganya na taulo za wageni, nyuzi zimejipaka mafuta na manyoya hazishiki tena. Jiki nayo inazivunja. Chukua ndoo ya maji ya moto ambayo mkono unayavumilia kwa shida, sabuni kiasi kidogo sana, loweka nusu saa, fikicha, suuza mara tatu mpaka maji hayatoi povu, anika kivulini. Rudia kesho yake. Vingi vinarudi. Ambavyo havikurudi vikate vitumike kwa viatu na magari, usitupe. Na taulo zifuliwe siku tofauti.